Nani Anasoma Kwanza? Mashine, Alama ya Mshangao na Maneno ya Wazee Wetu

Mwaka jana, katika semina ya fasihi simulizi, nilisoma mbele ya wenzangu wa promosheni sentensi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisema. Ilikuwa ndani ya hadisi niliyoirekodi Katuba, kwa mama mmoja mzee ambaye ninamwita Nkambo, kama tunavyowaita wazee wetu hapa Lubumbashi. Katika hadisi hiyo mwanamke anawaona watoto wake wakicheza kando ya kichaka, anamwona simba nyuma yao, anapiga kelele. Nkambo aliisema kelele ile kwa nguvu hata kuku wakaruka uani: Mukimbie!! Simba anakuya! Lakini karatasi yangu ilikuwa imeandikwa hivi:

Mama akalia: Mukimbiewc -l hadisi.txt Simba anakuya

Darasa lilicheka. Asistanti wetu naye alicheka, akaniuliza msimulizi wangu alisomea kompyuta wapi. Nilicheka pamoja nao, kwa sababu mtu akichekwa ni heri acheke pia. Usiku sikulala vizuri. Maneno yale, wc -l hadisi.txt, niliyafahamu sana: ni amri ya kuhesabu mistari ya faili, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeiandika dakika moja kabla ya kuingiza sentensi ya Nkambo. Mashine ilichukua amri yangu na kuitia kinywani mwa mama anayewaita watoto wake wakimbie simba. Na mimi nikachapisha, nikagawa nakala kumi na tano.

Ninaandika makala hii si kwa sababu kosa lile linachekesha. Nadhani kitivo cha lugha kina wajibu ambao bado hakijaukubali: kufundisha jinsi mashine inavyosoma. Kutumia mashine tunajifunza wenyewe, kwa kuulizana. Kusoma kwa mashine ni jambo jingine. Ni sarufi, na sarufi ni kazi yetu.

Kwanza nieleze kilichotokea, maana wengi wanaokutana nacho huondoka wakisema kompyuta imeharibika. Kompyuta haikuharibika. Ilifanya kile ilichoandikiwa kufanya.

Wengi wetu tunaoshughulika na matini ndefu tumejifunza kutumia dirisha la amri, lile jeusi lisilo na picha. Ndani ya dirisha hilo kuna programu inayosoma kila mstari tunaoandika na kuutekeleza. Huitwa sheli, na ile iliyo kwenye kompyuta nyingi za Linux jina lake ni Bash. Kwa mtu wa lugha ni chombo kizuri sana. Kwa neno moja unaweza kutafuta kila mahali panapotokea kiambishi fulani katika kurasa mia, au kuhesabu mara ngapi msimulizi alisema “basi”. Nilipokuwa nikilinganisha rekodi na matini yangu, kila nilipoona nimeruka sentensi, niliiongeza papo hapo kwa amri ya kuandika:

echo "Mama akalia: Mukimbie!! Simba anakuya" >> hadisi.txt

Maana yake kwa mwanadamu ni wazi: andika maneno yaliyo ndani ya alama za usemi, uyaongeze mwishoni mwa faili. Nilikuwa na hakika kwamba maneno yangu yako salama, kwa sababu nilikuwa nimeyafunga. Tangu shule ya msingi tunafundishwa kwamba kinachokaa kati ya alama za usemi ni maneno ya mwingine, na hayaguswi. Mwandishi anaweza kuyatanguliza na kuyaeleza, lakini hayabadilishi.

Sheli ina kanuni nyingine. Ndani yake alama ya mshangao si ishara ya hisia. Ni amri ya kukumbuka. Sheli huhifadhi orodha ya amri ulizoandika, na orodha hiyo huitwa historia. Ukiandika alama mbili za mshangao, sheli inazitoa na kuweka mahali pake amri yote iliyotangulia. Ukiandika mshangao na alama ya dola, inaweka neno la mwisho la amri iliyotangulia. Ukiandika mshangao na namba, inaleta amri yenye namba hiyo katika orodha. Ukiandika mshangao na herufi kadhaa, inatafuta amri ya karibuni iliyoanza kwa herufi hizo. Kazi hii tuite upanuzi wa historia: ishara ndogo inapanuliwa kuwa mstari mzima wa zamani.

Sasa jambo lenyewe. Upanuzi huo hufanyika mapema sana, mara tu mstari unapopokelewa, kabla ya sheli kuugawa kwa maneno na kupima nini ni nukuu na nini si nukuu. Yuko kama karani anayekaa mlangoni na kufungua barua kabla haijamfikia anayeandikiwa. Karani huyu anaheshimu alama moja tu ya kufunga maneno, ile ya mstari mmoja ambayo sisi tunaiita ritifaa. Alama za usemi zile pacha, ambazo ndizo tunazofundishwa, hazimzuii. Anapita ndani yake, anaona mishangao miwili, anachomoa amri ya kuhesabu mistari, anaipachika. Maneno yanapofika kwa yule anayejua nukuu ni nini, tayari yamekwisha kubadilishwa.

Kwa haki niseme: karani hafichi kazi yake. Kabla ya kutekeleza, sheli inauandika kwenye dirisha mstari ulivyobadilika. Mimi sikuutazama. Macho yangu yalikuwa kwenye daftari na masikio yangu kwenye rekodi.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza kukutana na karani. Siku za mwanzo, nilipoandika sentensi iliyoishia kwa “Toka!” na kufunga alama za usemi, sheli ilinijibu kwa Kiingereza kwamba tukio halikupatikana. Tukio gani? Katika darasa la naratolojia tukio ni jambo linalotendeka katika hadisi, na hapa simba alikuwa bado hajatokea. Nilijua baadaye kwamba kwa sheli “tukio” ni mstari mmoja wa historia. Ilikuwa imechukua mshangao wangu pamoja na alama iliyoufuata, ikatafuta amri ya zamani inayoanza hivyo, ikakosa.

Rafiki yangu, ambaye kompyuta yake ni mpya kuliko zile za chumba chetu, aliandika sentensi hiyohiyo na haikukataliwa. Tulibishana jioni nzima, kila mmoja akimwona mwenzake mwongo. Wote tulisema kweli. Tangu toleo la 4.4 la Bash, la mwaka 2016, mshangao unaotangulia moja kwa moja alama ya usemi ya kufungia huachwa kama ulivyo. Kompyuta zetu zilikuwa na toleo la zamani. Kisha akaweka sentensi zangu zote ndani ya faili, akaiendesha faili kama programu, na hata mishangao miwili ikatoka salama, pale kwangu pia. Hapo tulichanganyikiwa kabisa, kumbe sababu ni rahisi: upanuzi wa historia kwa kawaida huwa umewashwa pale tu mtu anapozungumza na sheli ana kwa ana. Sheli inaposoma faili, karani hayupo mlangoni. Yaani sentensi moja, isiyobadilika hata nukta, ina maana mbili kulingana na nani anasemeshwa na wapi. Wanafunzi wa pragmatiki, ninyi mnajua jina la jambo hili kuliko mimi.

Mwenzetu mwingine alinipa dawa: acha nafasi kati ya mshangao na kinachofuata, maana mshangao unaofuatwa na nafasi hauamshi upanuzi. Ni kweli. Lakini sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna mkono uliozoea kuacha nafasi kabla ya mshangao, na nafasi hiyo haisaidii chochote. Kinachotazamwa ni kinachofuata. Kwa hiyo dawa hiyo niliitumia nusu, na nusu ilinidanganya. Mwingine alisema niweke mkwaju wa nyuma mbele ya mshangao. Ndani ya alama pacha mkwaju huo unamzuia karani, ila wenyewe haufutwi: unabaki kwenye matini kama doa. Mwingine, mwenye busara za haraka, alisema: “Ndugu, achana na mishangao. Tia nukta.”

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika kwa kweli. Nukta! Nkambo hakusema nukta. Anayesikiliza hadisi zetu anajua kwamba nusu ya hadisi iko katika kelele, katika pu! ya kitu kinachoanguka, katika wito wa msimulizi na itikio la wasikilizaji. Kuna watu wa kitivo hiki wanaoandika kazi zao za mwisho juu ya vihisishi na tanakali za sauti. Kwao mshangao ni njia ya kwanza ya kuzitafuta ndani ya matini. Wanaochunguza toni katika lugha za Kibantu wanaujua mshangao kwa kazi nyingine: wengi wanauweka mbele ya silabi ambayo toni yake ya juu imeshushwa ngazi. Na katika alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, umbo hilohilo ni konsonanti kamili, sauti mojawapo ya kidoko ambazo lugha za Khoisan za kusini mwa Afrika zinazo nyingi, na ambazo jirani zetu Wasandawe na Wahadza wa Tanzania nao wanazo katika lugha zao. Kwa mtaalamu wa kompyuta mshangao ni alama adimu, ndiyo maana ulichaguliwa kuwa amri. Kwetu ni data.

Tunapaswa pia kujua ulichaguliwa na nani na lini, maana ukijua asili ya kanuni huiogopi tena. Upanuzi wa historia ulitokea katika sheli ya C, kazi ya Bill Joy, huko Berkeley, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa zamani ya mashine za polepole. Kurudia amri ndefu kwa ishara moja kulikuwa neema kwa vidole. Kanuni za kunukuu ambazo Bash inazifuata zilitoka kwingine, katika sheli ya Stephen Bourne wa Bell Labs, iliyotolewa na Unix ya mwaka 1979. Ndani yake ritifaa ilifunga kila kitu, na alama pacha zilifunga kwa nusu tu, kwa makusudi. Brian Fox alipoiandika Bash kwa ajili ya mradi wa GNU, na ikatoka mwaka 1989, ilirithi pande zote mbili: namna ya kunukuu kwa Bourne, namna ya kukumbuka kwa sheli ya C. Katika sheli ya C hata ritifaa haikumzuia karani. Bash ilimfundisha adabu kidogo, lakini kidogo tu.

Sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili cha Kongo tusingeshangaa sana. Tunajua lugha inayorithi sarufi kutoka pande mbili inakuwaje: inafanya kazi kila siku, watu wanaishi nayo, na makwaruzo huonekana pale mipaka inapogusana. Hatuiiti lugha hiyo mbovu. Tunaichunguza. Basi nisiiite Bash mbovu. Kosa langu lilikuwa kusoma kanuni ya Bourne kwa macho ya mwalimu wangu wa darasa la nne.

Nilipofahamu haya niliamua kujisahihisha: kuanzia sasa, kila sentensi nitaifunga kwa ritifaa, inayofunga kila kitu. Nilijiona mjanja. Lakini Kiswahili kilikuwa kinanisubiri.

Andika kwa njia hiyo sentensi yenye neno “ng'ombe”. Ritifaa ya kwanza inafungua. Ritifaa iliyo ndani ya ng'ombe inafunga. Ile ya mwisho inafungua tena, na sheli inakaa kimya ikisubiri umalize. Hilo ni kosa jema, kwa sababu linaonekana. Sasa andika hii, kama nilivyoiandika mimi:

echo 'Ng'ombe wa ng'ambo walirudi' >> hadisi.txt

Hesabu ritifaa: ni nne. Inafungua, inafunga, inafungua, inafunga. Sheli haina swali. Haionyi, haicheki, haisubiri. Inaandika kwenye faili:

Ngombe wa ngambo walirudi

Ritifaa zote zimeliwa. Wasomaji wa kitivo hiki hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kati ya ng' na ng kuna fonimu. Isitoshe, katika Kiswahili chetu cha Kongo wako wengi wanaosema ngombe, na swali la nani anasema hivyo, wapi, na kwa kuathiriwa na lugha gani, ni swali zuri la utafiti. Mtu akichukua matini yangu kesho angeandika kwa furaha kwamba msimulizi wa Katuba hatamki ng'. Angekuwa na ushahidi, mstari na ukurasa. Ushahidi huo ungetoka kwa sheli, na Nkambo hayumo.

Basi niliketi na rekodi, nikapitia upya kila sentensi niliyoingiza kwa amri ile. Zilikuwa thelathini na moja. Nilikuta aina tatu za madhara. La kwanza, maneno yaliyoongezwa: hilo la simba ndilo mlilolicheka. La pili, ritifaa zilizofutika, mahali patatu. La tatu ndilo lililoniuma: sentensi mbili zilizopotea. Nilikuwa nimebandika amri kadhaa kwa mpigo mmoja, na katikati yake kulikuwa na mstari wenye “Sungura!,” na mwingine wa namna hiyo. Sheli haikupata tukio linaloanza kwa mkato, ikautupa mstari, ikaendelea na unaofuata. Na mstari unaotupwa hivyo hauingii hata katika historia, kwa hiyo hukuti alama yake ukirudi kutafuta. Chombo kilichoundwa kukumbuka kiliyasahau hasa maneno yale yaliyokiita. Sentensi moja kati ya hizo ilikuwa jibu la sungura kwa simba, yaani shina la hadisi. Bila rekodi isingerudi.

Lile la kwanza, lililochekesha, lilikuwa dogo kuliko yote, kwa kuwa lilijitangaza. Yale mengine mawili yalikaa kimya.

Najua ninachojibiwa ninapoleta hoja hii. Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia: “Mwanangu, sisi si wahandisi. Kitivo cha lugha kinafundisha lugha.” Wengine wanasema ni kosa la mwanafunzi: nani alimtuma aingize matini kwa dirisha la amri wakati programu za kuandikia zipo? Majibu hayo yote mawili yana ukweli, nami nitayapima.

Ni kweli kwamba sikupaswa kupitisha maneno ya Nkambo mlango ule. Mlango wa amri ni wa amri. Matini ina mlango wake: programu ya kuandikia, au, kwa anayependa dirisha jeusi, kuiamuru sheli ifungue faili kwa

cat >> hadisi.txt

kisha kuandika sentensi kwa mistari inayofuata na kufunga kwa Ctrl na D. Hapo maneno hayaendi tena kwa sheli. Yanakwenda moja kwa moja kwenye faili, na karani hayaoni. Mishangao inapita, ritifaa zinapita, ng'ombe anabaki ng'ombe. Ningeambiwa hilo siku ya kwanza, makala hii isingekuwapo. Lakini sikuambiwa, na sikuambiwa kwa sababu hakuna saa hata moja katika ratiba yetu ambayo mtu anaambiwa.

Tena si kila kitu kinakwepeka. Anayetafuta mishangao ndani ya matini lazima aiandike mshangao katika amri yenyewe. Anayetumia neno la siri lenye mshangao naye pia. Kwa hao kuna njia mbili za kuelewana na karani. Ya kwanza ni kumpa likizo kwa amri set +H, inayozima upanuzi wa historia. Ukiiweka katika faili iitwayo.bashrc, kila dirisha jipya litafunguka bila karani. Ya pili ni kumwachia kazi yake lakini aonyeshe kwanza: amri shopt -s histverify inaifanya sheli ikuwekee mstari uliopanuliwa mbele yako, uutazame, kisha ubonyeze mwenyewe. Mimi nimechagua ya kwanza. Sijawahi kuhitaji kurudia amri kwa mishangao. Mshale wa juu kwenye kibodi unanitosha.

Kwa jibu la kwamba sisi si wahandisi, ninasema hivi. Swali la nani anasoma kwanza, kwa kanuni gani, na maneno yanabadilika wapi kabla hayajafika, si la wahandisi peke yao. Ni swali la kale la filolojia. Hapa Lubumbashi tuna mfano unaojulikana kote ulimwenguni: ile historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav na kuchapwa kwa taipu mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha wafanyakazi wa nyumbani. Johannes Fabian alipoitayarisha kwa kitabu chake cha mwaka 1990, tahajia na migawanyo ya maneno ilikuwa haifuati kanuni tunazozijua, na macho peke yake hayakutosha. Kalundi Mango aliisoma kwa sauti, na sauti ndiyo iliyoonyesha neno linaanza wapi na linaishia wapi. Hakuna aliyesema kazi ile ni ya mafundi wa taipu. Leo taipu imekuwa na karani ndani yake anayefungua barua. Kazi yetu imeongezeka, haijahamia kitivo kingine.

Ninachoomba si kikubwa. Saa nne katika somo la mbinu za utafiti zingetosha: saa ya kueleza kwamba herufi zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa tofauti kwa mashine, kwa mfano kwamba kidoko kina herufi yake katika Unicode, tofauti na mshangao wa kawaida, na sheli haiigusi, saa ya nukuu na ritifaa, saa ya kujaribu na kukosea kwa makusudi, na saa ya kulinganisha matini na rekodi. Waalimu wetu wanaweza kuzifundisha bila kumwita mtu wa nje, kwa sababu ni somo la kanuni, mazingira na maana. Na ningeomba kila matini inayowekwa katika maktaba ya kitivo iandikwe jinsi ilivyoingizwa kwenye mashine, kama tunavyoandika jina la mji na siku ya kurekodi. Anayekuja baada yetu ana haki ya kujua nani alisoma kabla yake.

Sitadai kwamba saa nne zitamaliza makosa. Mimi mwenyewe nitakosea tena kwa namna nisiyoijua bado. Lakini mtu aliyeelewa mara moja kwamba alama za usemi za mashine si zile za darasani huwa na shaka nzuri. Anautazama mstari baada ya kuubonyeza. Anarudi kwenye rekodi.

Nilimaliza kwa kurudi Katuba. Nilimsomea Nkambo hadisi yake yote iliyosahihishwa, polepole, yeye akiosha mboga. Nilipofika mahali pa simba nilimweleza kilichotokea, nikamsomea mstari uleule wa semina, na herufi zake zote. Alisimamisha mikono. “Ile haiko maneno yangu,” alisema, bila kucheka. Kisha akaniamuru nimsomee lililo lake. Nikamsomea. Akanitikisia kichwa: sauti yangu ilikuwa ndogo, watoto wasingesikia. Tukarudia mara tatu, hata jirani akachungulia ukutani kuuliza nani anafukuzwa.

Mishangao miwili, basi. Iko kwenye faili sasa, yote miwili, na kila ninapolifungua ninaihesabu.